Eugène Marais: Mwandishi wa habari aliyetafuta akili ndani ya kichuguu

Mchwa mmoja hawezi kupanga hata chumba kimoja. Lakini wakiwa maelfu kwa maelfu, vipofu na bila msimamizi wa kazi, wanajenga kichuguu chenye njia, vyumba na hewa inayozunguka. Eugène Marais, wa Afrika ya Kusini, alitumia miaka mingi kutafuta akili hiyo inakaa wapi.

Alizaliwa karibu na Pretoria mwaka 1871. Akiwa bado kijana aliongoza gazeti Land en Volk, ambalo halikumpa Rais Paul Kruger nafasi ya kupumua. Mwaka 1895 mke wake alikufa muda mfupi baada ya kujifungua. Mofini, ambayo ilikuwa imekwisha kumshika, haikumwachilia tena. Alisomea sheria London, halafu akajitenga katika milima ya Waterberg, akichunguza nyani na mchwa.

Huko alifikia wazo la ajabu: kichuguu kizima ni mnyama mmoja. Mchwa wafanyakazi ni damu yake, mashamba ya uyoga ni tumbo, malkia ni ubongo. Alianza kuyaandika hayo kwa Kiafrikana mwaka 1923.

Mwaka 1926 Maurice Maeterlinck, Mbelgiji mwenye tuzo ya Nobel, akatoa kitabu juu ya mchwa chenye wazo lilelile. Mzaliwa huyo wa Gand hakuwa mbali na Kiafrikana, lugha inayofanana sana na Kiflama. Marais alimtuhumu hadharani kuwa mwizi, lakini kesi ya Ulaya ilidai pesa ambazo hakuwa nazo. Kitabu cha Kifaransa kikazunguka dunia. Makala za Kiafrikana zikabaki nyumbani. Wanaoandika kwa lugha zetu wanalijua jambo hilo.

Kuhusu malkia, Marais alikosea. Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé alieleza kwamba kila mchwa anafuata kazi iliyoachwa na mwenzake: donge la udongo linaita donge lingine. Hakuna anayetoa amri. Vichuguu vya Katanga, ambavyo udongo wake watu wanapigia matofali, vimesimama hivyo. Swali lenyewe limehamia kwenye kichwa cha binadamu, kwani hakuna seli hata moja ya ubongo inayofikiri peke yake.

Marais alijiua mwezi wa tatu mwaka 1936. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka uliofuata.