Dada Clara Barton: Muuguzi Aliyeandika Majina

Katika ukurasa wetu wa maisha ya waliotutangulia, safari hii tumemchagua muuguzi. Kazi ya wauguzi wa dharura tunaifahamu vizuri. Lori la wageni linapofika usiku kutoka mpakani, wao ndio huamshwa kwanza. Mmoja ana jeraha, mama mwingine ameshikwa na uchungu, mtoto anachemka homa, na taa ni moja. Clara Barton aliifanya kazi ya namna hiyo huko Marekani, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 1861 hadi 1865, na hakuwahi kukaa katika darasa la uuguzi.

Alizaliwa tarehe 25 Desemba 1821 katika mji wa Oxford, jimbo la Massachusetts, akiwa kitinda mimba wa watoto watano. Alikuwa mtoto mwenye haya nyingi. Alipofika miaka kumi na moja hivi, kaka yake David alianguka kutoka juu ya paa la ghala, na Clara akamwuguza karibu miaka miwili. Kitanda cha kaka yake ndicho kilikuwa shule yake. Baadaye akawa mwalimu. Mwaka 1852 alifungua shule ya bure huko Bordentown, New Jersey, na watoto wakajaa kwa mamia. Wakubwa wa mji walipoona imekua, wakaleta mwanaume awe mkuu wa shule, kwa mshahara mkubwa kuliko wa Clara. Kina mama wanaosoma haya hawatashangaa. Aliondoka, akaenda Washington kuwa karani wa serikali.

Vita ilipoanza Aprili 1861, askari wa jimbo lake walifika Washington wakiwa wamepigwa na umati wa watu njiani, mjini Baltimore. Baadhi yao aliwajua. Alichana mashuka yake yawe bendeji, akawapelekea na chakula. Tangu hapo akawa anakusanya vitu kwa watu wema. Lakini wakubwa wa jeshi hawakutaka mwanamke karibu na mapigano, na majeruhi wengi walifia njiani kabla ya kufika hospitali za mjini. Clara aliomba ruhusa kwa muda mrefu. Aliipata Agosti 1862.

Mwisho wa mwezi huohuo alikuwa katika kituo cha reli cha Fairfax, Virginia. Majeruhi wapatao elfu tatu, kwa hesabu yake mwenyewe, walilazwa kilimani juu ya nyasi kavu wakisubiri treni. Vyombo alivyokuwa navyo ni ndoo mbili, vikombe vitano, sufuria mbili na vitu vingine vichache. Usiku hofu yake kubwa ilikuwa mishumaa: mmoja ukianguka, kilima kizima kingewaka na watu wasioweza kukimbia. Basi alipita kati yao, huku akinywesha, akifunga vidonda, akivua soksi zilizolowa damu. Aliweka utaratibu kwamba mtu asipakiwe bila kupewa chakula kwanza, na magari ya majeruhi wapya yalipofika, alipanda juu ya magurudumu na kuwalisha humohumo. Aliondoka na treni ya mwisho. Nyuma yake kituo kiliteketea kwa moto.

Tarehe 17 Septemba 1862 ikaja siku ya Antietam, Maryland. Siku hiyo moja watu kama 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Clara alifika na gari lake la kukokotwa na wanyama kwenye nyumba ya shamba ambamo madaktari walikuwa wakikata na kushona. Bendeji zilikuwa zimekwisha, nao walikuwa wakifunga vidonda kwa maganda ya mahindi. Akashusha mzigo. Alipokuwa ameinama kumnywesha askari mmoja, risasi ilipenya mkono wa gauni lake ikamuua yule askari mikononi mwake. Mwingine alikuwa na risasi shavuni, akamsihi aitoe, naye akaitoa kwa kisu cha mfukoni. Giza lilipoingia, daktari alikuwa amebakiwa na kipande cha mshumaa tu. Clara alikuwa amekumbuka kubeba taa. Usiku kucha aliwapikia uji wa unga wa mahindi.

Sisi tunasimama hasa kwenye jambo moja dogo. Katika daftari zake za mfukoni, kati ya hesabu za vitu, Clara aliandika majina ya majeruhi na habari za jamaa zao. Kuna wakati mkono wa muuguzi hauwezi tena kuzuia damu, lakini bado anaweza kuuliza: wewe ni nani, mama yako yuko wapi, nimwambie nini?

Vita ilipokaribia kwisha mwaka 1865, barua za familia zilimiminika. Kwa kibali cha Rais Lincoln alifungua ofisi ya kutafuta askari waliopotea, katika vyumba vyake vya kupanga mjini Washington. Alichapisha orodha za majina zibandikwe mahali pa watu wengi, ili mwenye habari aandike. Mwaka huohuo alikwenda Andersonville, Georgia, palipokuwa na gereza la mateka. Mfungwa mmoja kijana, Dorence Atwater, alikuwa amenakili kwa siri orodha ya waliokufa, na kwa orodha hiyo makaburi karibu 13,000 yaliwekwa alama, mengi yakiwa na majina. Kufikia mwisho wa kazi hiyo, mwaka 1868, ofisi ilikuwa imejibu barua zaidi ya 63,000 na kupata habari za watu zaidi ya 22,000. Wengi walikuwa wamekufa. Hata hivyo mama aliyepata jibu aliweza kuacha kusimama mlangoni kila jioni.

Wengi wetu tumejaza karatasi ya Msalaba Mwekundu: jina, baba, mama, kijiji, mahali tulipoachana. Kazi hiyo haikuanzishwa na Clara peke yake. Huko Ulaya, ofisi ya Basel, Uswisi, ilianza kupeleka habari za wafungwa na majeruhi wakati wa vita ya mwaka 1870. Clara alikuwa Ulaya wakati huo, akawahudumia watu wa vita chini ya bendera ya Msalaba Mwekundu. Aliporudi alihangaika miaka mingi hadi chama hicho kikaanzishwa Marekani, tarehe 21 Mei 1881. Mwaka 1889 mafuriko yaliua zaidi ya watu 2,200 huko Johnstown, Pennsylvania. Alikwenda, akiwa na miaka 67, akakaa miezi mitano akijenga makazi ya muda.

Hakuwa malaika. Alipenda kushika kila kitu mkononi mwake, na wenzake wakalalamika kuhusu utunzaji wa hesabu. Mwaka 1904 alijiuzulu. Alifariki tarehe 12 Aprili 1912, nyumbani kwake Glen Echo, Maryland, akiwa na miaka 90.

Katika miaka ya 1990, jengo lilipokuwa linangoja kubomolewa mjini Washington, fundi aliyetumwa kulikagua alikuta juu ya dari karatasi, nguo za askari, na kibao cha bati kinachoelekeza watu wapande ghorofani, chumba namba 9, kwenye ofisi ya waliopotea ya Clara Barton. Jengo halikubomolewa.