Bi. Salme: Binti wa Sultani aliyepoteza urithi kwa penzi moja

KATIKA historia ya mwambao wa Pangani na Tanga, mwaka 1888 hukumbukwa kwa jina la Bushiri bin Salim, aliyewaongoza wenyeji kuikataa bendera ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Katika miezi hiyohiyo, ng'ambo ya mkondo wa bahari, alikuwapo mjini Unguja mwanamke mmoja ambaye mkasa wake ulifungamana na wa mwambao huo bila yeye kupenda.

Mwanamke huyo alikuwa mjane aliyekuwa akitimiza miaka 44, mama wa watoto watatu na raia wa Ujerumani. Kwa kuzaliwa, hata hivyo, alikuwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar ambaye bendera yake nyekundu ilipepea Pangani, Tanga na bandari nyingine nyingi za pwani. Alikuwa amerudi kwao kwa mara ya pili kudai urithi wake, na kwa mara ya pili alikuwa akielekea kuondoka mikono mitupu.

Bi. Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Circassia, nchi iliyo katika milima ya Kaukasi. Seyyid Said alikuwa na watoto kadhaa wa masuria, na kwa desturi ya ukoo ule wote walihesabika kuwa watoto halali wa mfalme, wenye fungu lao katika mirathi.

Mabinti wa jumba la Mtoni walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulikuwa ni kwa wavulana. Salme hakuridhika na mpaka huo. Kwa siri alijifunza mwenyewe, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, hadi akaweza kuandika barua. Ujuzi huo ndio uliokuja kumponza akiwa kijana, na ndio uliomlisha alipokuwa mjane.

Seyyid Said alifariki dunia baharini mwezi Oktoba, 1856, akiwa safarini kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12. Kwa mujibu wa sheria za mirathi alihesabiwa kuwa mtu mzima, akakabidhiwa fungu lake la fedha na shamba lenye nyumba. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kilimchukua mama yake, naye akarithi mashamba mengine. Akiwa na miaka 15 tu, bila baba, bila mama na bila mume, alikuwa mwanamke mwenye mali yake mwenyewe na uwezo wa kuisimamia.

Mwaka huohuo wa 1859 aliingia katika siasa. Kaka yake Barghash alikuwa akipanga kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa ameshika kiti cha Zanzibar. Dada yao Khole, aliyependwa sana na Salme, alikuwa upande wa Barghash na akamvuta mdogo wake. Kwa kuwa alijua kuandika, Salme akawa katibu wa wapinzani, akiandika barua za siri za njama ile.

Njama ilivunjwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka miwili. Salme hakuadhibiwa, lakini aliona ni heri kujitenga na mji. Alikwenda kuishi shambani kwake Kizimbani, kisha Bububu, akiendesha shughuli za mashamba. Baadaye alipatana na Majid. Upatanisho huo ulimgharimu, kwani Khole na Barghash waliuona kuwa ni usaliti, na Barghash hakuusahau.

Aliporudi kuishi mjini, Bi. Salme alipanga nyumba iliyopakana na ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, mzaliwa wa Hamburg aliyekuwa wakala wa kampuni ya Hansing. Nyumba za mji wa kale wa Unguja zimesongamana, na watu wa nyumba mbili waliweza kuonana kutoka madarisha na madari. Majirani hao wawili walizungumza kwa Kiswahili, lugha pekee waliyoijua wote. Urafiki ukageuka kuwa mapenzi.

Katika Zanzibar ya wakati ule hapakuwa na njia ya halali kwa binti wa Sultani, Mwislamu, kuolewa na Mkristo. Kufikia katikati ya mwaka 1866 Salme alikuwa mjamzito na habari zilianza kuzagaa mjini. Hatari iliyomkabili haikuwa ya aibu tu, bali ya maisha yake.

Msaada ulitoka kwa Emily Seward, mke wa daktari Mwingereza aliyekaimu nafasi ya balozi mdogo. Usiku wa tarehe 24 Agosti, 1866, wakati wa sherehe za Mwaka ambapo watu huteremka pwani kuoga, Bi. Salme naye aliteremka ufukweni, akapanda mashua, na kuchukuliwa na manowari ya Uingereza iitwayo Highflyer hadi Aden. Ruete alibaki Unguja kwa miezi kadhaa kukamilisha shughuli zake za biashara.

Mwezi Desemba mtoto wa kiume alizaliwa Aden. Tarehe 30 Mei, 1867, baada ya Ruete kuwasili, Salme alibatizwa katika kanisa la Kianglikana na kupewa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa. Wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto wao mchanga alifariki ndani ya treni walipokuwa wakipita Ufaransa.

Maisha ya Hamburg yalikuwa magumu kwa mwanamke aliyezaliwa Mtoni. Hakujua Kijerumani, na baridi ilimtesa. Mumewe alipokwenda kazini asubuhi, Bi. Salme alibaki katika nyumba ambayo hakuna aliyeweza kusema naye. Jioni tu, Ruete aliporejea, ndipo Kiswahili kiliposikika tena. Hata hivyo ndoa yao ilikuwa ya mapenzi, na katika miaka mitatu walipata watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwezi Aprili, 1870.

Rosalie hakuwa amefikisha miezi minne msiba ulipobisha hodi. Ruete alipata ajali ya gari la abiria lililokokotwa na farasi juu ya reli, akafariki dunia tarehe 6 Agosti, 1870. Bi. Salme alikuwa mjane kabla ya kutimiza miaka 26. Alimpoteza mume, na kwa kumpoteza huyo akampoteza pia mtu pekee wa nyumba ile aliyeijua lugha yake.

Hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo hakulitarajia katika nchi iliyojiita ya ustaarabu. Zanzibar alikuwa amemiliki mashamba tangu utotoni. Hamburg, sheria ya wakati ule haikumwamini mjane kusimamia mali ya watoto wake bila wasimamizi wanaume. Fedha zilizobaki zilipungua haraka. Miaka mingi baadaye alitetea katika maandishi yake haki ya mwanamke wa Kiislamu kumiliki mali yake, akiwakumbusha wasomaji wa Ulaya kwamba wake zao hawakuwa nayo.

Ili kupunguza gharama alihama mji mmoja hadi mwingine: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Alifundisha Kiarabu na Kiswahili ili watoto wapate kula na kusoma. Hakuolewa tena.

Tumaini lake lilikuwa nyumbani, lakini nako mambo yalikuwa yamebadilika. Majid alifariki dunia Oktoba, 1870, miezi miwili tu baada ya Ruete, na Barghash akashika kiti. Kwa Sultani mpya, dada yake alikuwa na makosa matatu: alimwacha upande mmoja akapatana na Majid, alitoroka na mgeni, na aliacha dini. Kwa hilo la tatu, sheria ya mirathi ya Kiislamu ilikuwa upande wa Barghash, kwani aliyetoka katika dini hamrithi ndugu Mwislamu.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Bi. Salme alisafiri hadi huko akitaraji kuonana naye. Serikali ya Uingereza, isiyotaka mgeni wake audhike, ilimshawishi kupitia Sir Bartle Frere aachane na azma hiyo, kwa ahadi kwamba watoto wake wangesaidiwa. Aliachana nayo. Ahadi haikutimizwa, kwa hoja kwamba yeye ni raia wa Ujerumani.

Miaka kumi baadaye Ujerumani nayo ikamhitaji. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alikuwa amepita bara akikusanya mikataba Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, nchi zilizo nyuma ya bandari za Pangani, Saadani na Bagamoyo. Februari, 1885 serikali ya Berlin iliziweka chini ya ulinzi wake. Barghash akapinga. Mwezi Agosti, Kansela Bismarck akatuma manowari Unguja, na katika msafara huo akapakiwa Bi. Salme na watoto wake.

Dai la mjane sasa lilikuwa silaha. Manowari zilielekeza mizinga kwenye kasri, na Barghash akalazimika kuitambua mamlaka ya Wajerumani bara. Alipokwisha kukubali, dai la urithi likawekwa kando. Watu wa mji walimlaki Bi. Salme barabarani kwa furaha, na yeye alilizuru jumba la Mtoni, akalikuta limechakaa. Kaka yake hakukubali kumwona. Fedha kidogo alizotaka kumpa, alizikataa.

Alirudi Ujerumani, na mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kikachapishwa Berlin kwa Kijerumani. Hesabu ya wengi humtaja kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kuchapisha habari za maisha yake.

Mwaka huohuo wa 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo. Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi, na Uingereza ikaahidi kuisaidia Ujerumani ipate ushuru wa bandari za Dar es Salaam na Pangani. Barghash alifariki dunia Machi, 1888. Mdogo wake Khalifa, aliyemfuata, alitia saini mwezi Aprili mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Wajerumani usimamizi wa pwani.

Bi. Salme aliwasili Unguja mwezi Mei na bintiye Rosalie, akidhani kuwa Barghash akiwa kaburini, mlango umefunguka. Ulikuwa umefungwa zaidi. Kampuni ilikwisha kupata ilichokitaka kwa Khalifa, na serikali ya Berlin haikuwa na haja tena ya mjane wa kumtishia nduguye.

Mwezi Agosti mawakala wa kampuni walipandisha bendera yao Pangani na kuidharau mamlaka ya Sultani. Wenyeji wakawazingira. Mwanzoni mwa Septemba mizinga ililia Tanga, na moto wa vita ukaenea pwani nzima. Wakati Bi. Salme akifunga mizigo yake kuondoka Unguja mwezi Oktoba, milki aliyoiacha baba yake ilikuwa ikivunjika. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, 1889.

Mjane huyo hakutaka kuishi tena Ujerumani. Alihamia Jaffa, kisha Beirut, akaishi huko hadi mwaka 1914, miongoni mwa watu waliosema Kiarabu. Uzee ulimrudisha kwa watoto wake. Ni katika miaka ya mwisho tu ya uhai wake, chini ya Sultani Khalifa bin Harub, ndipo kasri ya Zanzibar ilipomtengea posho ndogo.

Historia haiwezi kumwandika Bi. Salme kama mwathirika peke yake. Mashamba yaliyompa uhuru wa ujana yalilimwa na watumwa, watu waliotekwa bara na kupitishwa katika bandari kama Pangani na Bagamoyo. Katika kitabu chake aliutetea utumwa. Kwa sababu hiyo, uwanja mmoja wa Hamburg uliopewa jina lake mwaka 2019 uliamuliwa mwaka uliofuata kuondolewa jina hilo. Zanzibar kwa upande wake imemweka katika kumbukumbu: Makumbusho ya Kasri yalipofunguliwa mwaka 1994, chumba kimoja kilitengwa kwa ajili yake.

Bi. Salme alifariki dunia Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari, 1924, akiwa na miaka 79. Alikuwa ameishi na mumewe miaka mitatu, na katika ujane zaidi ya miaka 53. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kwenye kaburi la ukoo wa Ruete. Katika vitu vyake palikutwa mfuko wa mchanga wa ufukwe wa Zanzibar, alioutunza tangu safari zake za kudai urithi. Mchanga huo ukazikwa pamoja naye.