Mamake Obama: Mama kijana aliyesoma akilea hadi akawa daktari wa falsafa

WENGI humfahamu kupitia kwa mwanawe. Stanley Ann Dunham, mamake rais wa zamani wa Marekani Barack Obama, aliaga dunia Novemba 7, 1995, akiwa na umri wa miaka 52. Ilibaki miaka 13 mwanawe achaguliwe rais.

Hata hivyo, maisha yake yana uzito wa kipekee kwa mzazi kijana wa Taveta. Msichana aliyejifungua mapema, kisha akapata nafasi ya kusomea Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Ngerenyi, hana budi kujiuliza ni nani atakayebaki na mtoto. Ann Dunham alikabiliwa na swali hilo hilo akiwa na miaka 18.

Alizaliwa Novemba 29, 1942, mjini Wichita, jimbo la Kansas. Alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1960, wazazi wake walihamia Honolulu, naye akajiunga na Chuo Kikuu cha Hawaii.

Huko, katika darasa la lugha ya Kirusi, alikutana na kijana kutoka Kenya, Barack Obama Senior. Walifunga ndoa Februari 1961, Ann akiwa tayari mjamzito. Mtoto wao alizaliwa Agosti 4 mwaka huo.

Obama Senior naye alikuwa mzazi kijana. Alipoondoka Kenya mwaka 1959, alimwacha mkewe Kezia akiwa na mtoto mmoja na mwingine tumboni. Miongoni mwa waliomfadhili ni Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akiendesha mradi wa kisomo cha watu wazima Nairobi.

Kijana huyo alijipatia shahada yake ya uchumi kwa miaka mitatu tu na kuelekea Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1962. Ann, aliyekuwa na kitoto mkononi, alitumia miaka saba kuipata yake.

Tofauti hiyo haikuletwa na akili. Masomo ya baba yaliwezekana kwa kuwa watoto wake walilelewa na wengine, Kenya na Hawaii. Ann aliyakatiza masomo alipojifungua, akahamia Seattle na mtoto, akasoma kwa muda katika Chuo Kikuu cha Washington, kisha akarejea Honolulu na kuanza upya mwaka 1963. Mwaka uliofuata ndoa ikavunjika.

Hapo ndipo wazazi wake walipoingia. Babake, Stanley, na mamake, Madelyn, walimfungulia mlango wa nyumba yao na kumlea mjukuu huku binti yao akienda darasani. Kuna wakati Ann alitegemea pia msaada wa chakula wa serikali. Mwaka 1967 alihitimu shahada ya kwanza katika anthropolojia.

Wakati huo alikuwa ameolewa tena, na Lolo Soetoro wa Indonesia. Mama na mwana walihamia Jakarta, ambako binti yake Maya alizaliwa mwaka 1970. Barack alipofikisha miaka kumi, mamake alimrudisha Honolulu kwa babu na nyanya ili apate elimu bora katika shule ya Punahou.

Madelyn hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alipanda ngazi katika Benki ya Hawaii hadi akateuliwa makamu wa rais wa benki hiyo mwaka 1970, cheo ambacho wanawake wachache mno walikuwa nacho siku hizo. Mshahara wake ulikuwa nguzo ya nyumba iliyomlea mjukuu.

Ann alirejea Hawaii mwaka 1972 kuendelea na masomo, safari hii kwa msaada wa fedha za ufadhili, zikiwemo za Kituo cha Mashariki na Magharibi kilichoko Honolulu. Alipata pia shahada ya uzamili.

Lakini elimu hiyo ilikuwa na gharama isiyolipwa kwa fedha. Utafiti wake ulikuwa Indonesia, na mwaka 1975 alirudi huko na Maya. Barack, aliyekuwa na miaka 14, alipendelea kubaki Honolulu. Mama na mwana waliishi mbali kwa miaka mingi, wakionana kwa vipindi.

Kwa zaidi ya muongo mmoja Ann aligawanya siku zake kati ya kazi na utafiti. Alihudumu katika Wakfu wa Ford mjini Jakarta na baadaye katika Benki ya Rakyat Indonesia, akishughulikia mikopo midogo kwa watu wa vijijini. Wakati huo huo aliwachunguza wahunzi wa kijiji cha Kajar, katika kisiwa cha Java, na jinsi walivyojipatia riziki.

Mwaka 1992, miaka 32 baada ya kuingia chuoni kwa mara ya kwanza, alitunukiwa shahada ya uzamifu. Tasnifu yake ilikuwa na kurasa 1,043. Aliitabaruku kwa mamake Madelyn na kwa msimamizi wake, Profesa Alice Dewey, kwa msaada wao, na kwa wanawe wawili ambao hawakunung'unika sana alipokuwa mbali nao.

Tabaruku hiyo yaeleza kilichomfikisha kileleni. Palikuwa na nyanya aliyekubali kulea, mwalimu aliyesubiri bila kumkatia tamaa mwanafunzi aliyechelewa, wafadhili waliotoa karo, na watoto waliovumilia. Kama kimoja kingekosekana, huenda safari ingekomea njiani.

Nchini Kenya, tangu mwaka 1994 sera ya serikali imemruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwaka 2020 ulitolewa mwongozo mpya kuhusu jambo hilo. Lakini sera humfungulia mlango tu. Haimbebei mtoto wakati wa mtihani, wala haimlipii nauli ya kutoka Taveta hadi Ngerenyi.

Mzigo huo huangukia nyanya anayeuza ndizi katika soko la Taveta, shangazi au jirani mwema. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mkono mmoja haulei mwana.

Ann hakuishi kumwona mwanawe akiapishwa. Madelyn naye alifariki mapema Novemba 2008, siku chache kabla ya mjukuu huyo kutangazwa mshindi wa urais.