Starostin: Aliwafunga polisi, polisi nao wakamfunga

SEPTEMBA 12, 1939 Spartak Moscow waliichapa Stalinets ya Leningrad mabao 3-1 kwenye fainali ya Kombe la Umoja wa Kisovieti, wakabeba ndoo yao. Siku 18 baadaye wakarudishwa uwanjani kucheza nusu fainali. Hujasoma vibaya. Nusu fainali ya mashindano ambayo fainali ilishapigwa na bingwa alishajulikana.

Wapinzani wao kwenye nusu fainali hiyo walikuwa Dinamo Tbilisi kutoka Georgia, ambao mara ya kwanza walilala 1-0 kwa bao lenye utata. Wenyewe walisema mpira haukuvuka mstari. Malalamiko ya hivyo yapo kila wikiendi na mengi huishia kwenye makaratasi, lakini haya yalisikilizwa. Shabiki mkubwa wa Dinamo alikuwa Lavrenty Beria, mzaliwa wa Georgia na bosi wa NKVD, polisi wa siri wa Joseph Stalin.

Mechi ikarudiwa Septemba 30. Georgy Glazkov akapiga hat-trick na Spartak wakashinda tena, 3-2. Kiongozi mmoja wa Spartak alipogeuza macho kwenye jukwaa la wakubwa, kwa masimulizi yake ya baadaye, alimwona Beria akiinuka, akakipiga teke kiti na kuondoka zake.

Kiongozi huyo ni Nikolai Starostin. Teke lile lilimfikia yeye miaka miwili na nusu baadaye.

Starostin alizaliwa mwaka 1902 na kukulia Presnya, mtaa wa wafanyakazi jijini Moscow. Baba yake alikuwa mwongozaji wa wawindaji matajiri. Mzee huyo alipofariki mwaka 1920, Nikolai akabaki na mzigo wa familia nzima, na soka likawa sehemu ya riziki. Kiangazi alikuwa akikipiga kama winga, na baridi ikiingia anahamia kwenye hoki ya barafu. Nyuma yake walifuata wadogo zake watatu, Alexander, Andrei na Pyotr, wote wachezaji wa maana.

Mwaka 1922 wao pamoja na wenzao akina Ivan Artemyev waliunda klabu ya mtaani kwao. Klabu hiyo ilibadili jina kila ilipobadili mfadhili. Iliitwa Krasnaya Presnya, baadaye ikawa chini ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chakula, na mwaka 1935 ikaingia chini ya vyama vya ushirika, watu kama vinyozi, washonaji na wahudumu wa mikahawa. Hapo ndipo lilipokuja jina la Spartak, la yule mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma ya kale. Starostin alikuwa akisimulia kwamba walikesha wakibishana majina hadi jicho lake likatua kwenye kitabu kilichohusu habari za mtumwa huyo.

Ukitaka kuelewa mapenzi ya watu kwa Spartak, angalia nani alikuwa upande wa pili. Dynamo Moscow ilikuwa timu ya polisi. CDKA, ambayo leo ni CSKA, ilikuwa ya jeshi. Mtu wa kawaida aliyekuwa anaogopa kusikia mlango ukigongwa usiku hakuwa na mahali pa kusema hilo, ila Jumapili aliweza kukaa jukwaani na kushangilia polisi wakipigwa bao. Ndiyo maana waliiita timu ya wananchi.

Na Starostin alijua kuiuza timu yake. Julai 1936 kwenye sherehe za wanamichezo, kapeti kubwa lilitandazwa juu ya mawe ya Red Square na vikosi viwili vya Spartak vikacheza mbele ya Stalin mwenyewe. Mechi ilipangwa kuchukua dakika 30. Alexander Kosarev, bosi wa umoja wa vijana na mlezi wa Spartak, alisimama karibu na Stalin akiwa na kitambaa cheupe mkononi. Mkubwa akichoka, kitambaa kingepungwa na mpira ungekwisha. Hakikupungwa, mechi ikaenda dakika 43. Sijui kama kuna mwamuzi aliyewahi kuangalia kitambaa kwa wasiwasi kama yule.

Mwaka uliofuata timu ya Wabasque kutoka Hispania ilitua na kuanza kuwanyoosha Wasovieti mmoja baada ya mwingine, Dynamo Moscow wakila 7-4. Spartak, wakiwa wameongezewa wachezaji wa timu nyingine, wakawapiga wageni 6-2. Kisha ikaja misimu ya 1938 na 1939, ambapo Spartak walibeba ligi na kombe kwa pamoja mara mbili mfululizo. Kwa mpira wa uwanjani hakukuwa na wa kuwagusa.

Ila kinga yao ilikuwa imeondoka. Kosarev alipigwa risasi Februari 1939, na Beria alikuwa ndiye mwenye nchi baada ya Stalin.

Machi 1942, katikati ya vita na Ujerumani, Starostin aliamshwa usiku na mwanga wa tochi usoni. Akapelekwa Lubyanka, makao makuu ya polisi wa siri. Wadogo zake wote watatu wakakamatwa pia. Tuhuma ya kwanza ilikuwa kwamba walipanga kumuua Stalin kwenye gwaride la wanamichezo la 1937. Hiyo iliposhindwa kusimama, wakabambikiwa nyingine za kuiba mali na kusifia michezo ya mabepari. Baada ya karibu miaka miwili ya mahojiano kila ndugu alipewa kifungo cha miaka 10 kambini. Kwa zama zile, mtu aliyeshukiwa kutaka kumuua Stalin akatoka na miaka 10 alihesabiwa kuwa na bahati.

Stori ya kambini ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Wafungwa walikuwa wanakufa kwa baridi, njaa na kazi ngumu, lakini kila kambi aliyopelekwa Starostin, kuanzia Ukhta kaskazini hadi Komsomolsk mashariki ya mbali, mkuu wa eneo alikuwa na timu yake na alitaka ishinde. Kwa hiyo mfungwa akageuzwa kocha. Timu zenyewe zilikuwa Dinamo, zile zile za polisi! Mtu aliyefungwa kwa kuwafunga Dinamo alikuwa anawafundisha Dinamo namna ya kufunga, na kazi hiyo ndiyo iliyomwokoa na shoka la msituni.

Mwaka 1948 akaitwa usiku kupokea simu kutoka Moscow. Aliyekuwa upande wa pili ni Vasily Stalin, mtoto wa Stalin, jenerali wa jeshi la anga aliyekuwa akijenga timu yake ya VVS na alimtaka Starostin awe kocha. Ndege ikatumwa, akarudishwa Moscow. Watu wa Beria wakampa saa 24 aondoke mjini. Vasily akamficha kwenye jumba lake mwenyewe, wakilala kitanda kimoja, bastola ikiwa chini ya mto.

Siku moja mwenyeji wake akiwa amelewa, Starostin alitoroka kupitia dirishani kwenda kuiona familia yake. Alfajiri watu wa Beria wakawa mlangoni, wakampakia treni ya kusini. Njiani, mjini Orel, watu wa Vasily wakamshusha na kumrudisha. Alikuwa anagombewa kama mchezaji aliyesaini klabu mbili, isipokuwa hapa anayeshindwa kesi anaweza kuzikwa. Mwishowe aliona heri aondoke Moscow, na akaishia uhamishoni Kazakhstan, akifundisha soka mjini Alma-Ata.

Stalin alifariki Machi 1953. Desemba mwaka huohuo Beria naye akapigwa risasi na wenzake. Ndugu wa Starostin wakaachiwa na kusafishwa majina, wote wanne wakiwa hai, na mwaka 1955 Nikolai akarudi Spartak kama mkuu wa timu. Alikuwa na miaka 53. Utadhani alirudi kupumzika, kumbe ndiyo kwanza kazi inaanza.

Mwaka mmoja baadaye Wasovieti walitwaa dhahabu ya Olimpiki Melbourne kwa kuifunga Yugoslavia 1-0. Nahodha Igor Netto na mfungaji Anatoly Ilyin wote walikuwa wa Spartak, na sehemu kubwa ya kikosi pia. Ubingwa wa ligi ukaja 1956, 1958, 1962 na 1969. Mwaka 1976, Starostin akiwa ameondolewa kwenye uongozi, Spartak walishuka daraja kwa mara ya kwanza. Akarudishwa, na timu ikakabidhiwa kwa Konstantin Beskov, mtu wa Dynamo. Mashabiki walinuna. Mwaka 1979 wakawa mabingwa tena.

Hakuna mtu wa Spartak anayetaja miaka ile bila kutaja Oktoba 20, 1982, usiku wa mechi ya Kombe la UEFA na Haarlem ya Uholanzi, ambapo mashabiki walikanyagana kwenye ngazi za Luzhniki. Hesabu rasmi ni vifo 66, na serikali iliificha kwa miaka kadhaa.

Starostin na Beskov walifarakana mwishoni mwa 1988. Timu akapewa Oleg Romantsev, na 1989 wakabeba ubingwa. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, Spartak walitawala ligi mpya ya Urusi tangu msimu wa kwanza.

Vuli ya 1995 mzee alishuhudia Spartak wakishinda mechi zote sita za kundi la Ligi ya Mabingwa Ulaya, wakiwamo mabingwa wa Uingereza Blackburn waliopigwa nje ndani. Robo fainali na Nantes ilipangwa Machi. Hakuiona. Alifariki Februari 17, 1996, akiwa na miaka 93, na Spartak wakatolewa na Wafaransa hao.

Kwa miongo mingi timu yake ilikuwa ikicheza kwenye viwanja vya wengine, hata ule wa Dynamo. Wa kwao wa sasa ulifunguliwa mwaka 2014, na ipo sanamu ya ndugu wanne, Nikolai na wadogo zake.