Habari za Bibi Harriet Jacobs na Kitabu Chake

Harriet Jacobs alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa Edenton, jimbo la North Carolina, Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa, naye kwa sheria ya nchi ile akawa mtumwa tangu kuzaliwa. Bibi aliyemmiliki kwanza alimfundisha kusoma na kushona. Bibi huyo alipofariki mwaka 1825, Harriet aliachwa kuwa urithi wa mtoto mdogo, binti wa Daktari James Norcom. Na daktari huyo akamwandama kwa nia mbaya miaka mingi.

Mwaka 1835 akatoroka, wala hakwenda mbali. Nyanya yake, mwanamke aliyekwisha pata uhuru, alikuwa na nyumba mjini, na juu ya ghala yake palikuwa na nafasi chini ya paa: urefu wake futi 9, upana futi 7, na kimo futi 3 palipoinuka zaidi. Humo alikaa karibu miaka 7, asiweze kusimama. Kwa keekee alitoboa matundu madogo, akawa akiwatazama watoto wake wawili wakipita nje, wala hakuthubutu kuwaita. Mwaka 1842 akapata chombo, akafika Philadelphia. Mwaka 1852 bibi aliyemwajiri kuwa yaya alimkomboa kwa dola 300.

Hata kazi ya ulezi ilipokwisha usiku, alikaa akaandika habari za maisha yake, akamaliza mwaka 1858. Wenye kampuni waliokubali kukipiga chapa kitabu chake walifilisika. Harriet hakukata tamaa. Alinunua mwenyewe vibao vya chapa, na mwaka 1861 kitabu kikatoka Boston kwa juhudi yake. Ili kuwasitiri watu, alijiita Linda Brent. Lakini mwaka ule ule vita vikazuka Marekani, na baadaye kitabu kikasahauliwa. Yeye alikwenda kuwahudumia watumwa waliokimbia vita, na mwaka 1864 shule ikafunguliwa kwa ajili yao huko Alexandria. Alifariki mwaka 1897.

Baada ya kufa kwake wataalamu wengi walinena kwamba ile ni hadithi ya kubuni, au ya Bibi Lydia Maria Child aliyeihariri, kana kwamba mtumwa hawezi kuandika vile. Kitabu kilipigwa chapa tena mwaka 1973. Ndipo Bibi Jean Fagan Yellin alipochunguza barua za Harriet, zilizohifadhiwa pamoja na karatasi za rafiki yake Amy Post, na mwaka 1987 akakitoa upya pamoja na ushahidi kwamba mwandishi ni Harriet mwenyewe.

Basi tazameni, wasomaji: heshima ya mama huyu ilirudishwa kwa barua chache ambazo mtu hakuzitupa. Wahenga walitufunza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sembuse maisha ya mtu? Katika mitaa yetu wako wazee wenye mambo makubwa vifuani mwao. Ajuaye kalamu na aende akawaandikie, na karatasi azitunze.