Marehemu Jean-Marie Seroney na Katiba Yetu

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo mkali ajabu. Mada ilikuwa: je, Wakenya waitishe mkutano mkuu wa taifa waandike katiba upya, ama Bunge liachiwe kazi ya kuirekebisha? Mimi nilikuwa upande wa mkutano mkuu. Basi msemaji mmoja wa upande wa pili akasimama, akatutaka tutaje mtu mmoja tu wa huku kwetu aliyepata taabu kwa ajili ya mambo ya katiba. Sote tulikodoa macho. Jioni nilimwuliza babu, naye alicheka sana, kisha akaniambia kwamba mtu huyo alizaliwa Kapsabet, safari ya matatu moja tu kutoka hapa Eldoret.

Jean-Marie Seroney alizaliwa mwaka wa 1927. Alisoma Alliance, akaenda Makerere, halafu akavuka bahari hadi India na Uingereza kusomea sheria. Siku hizo wakili Mkalenjin alikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Mwaka wa 1961 alichaguliwa kuwakilisha Nandi katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mfuasi wa chama cha KADU pamoja na akina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi.

Mwaka wa 1962 wajumbe wa KANU na KADU walikutana Lancaster House, London, kuanzia Februari mpaka Aprili. Seroney alikuwa mmoja wao. Walibishana wee! KADU walihofia kwamba makabila madogo yangemezwa na makubwa, kwa hivyo wakadai majimbo. Wakayapata: majimbo 7, kila moja na bunge lake, na Seneti ya wajumbe 41 huko Nairobi. Isitoshe, katiba ilifungwa kwa kufuli. Kuibadilisha kulihitaji kura asilimia 75 ya kila nyumba, na vifungu muhimu zaidi vilihitaji asilimia 90 ya Seneti.

Sasa msomaji, tega sikio. Uhuru ulikuja Desemba 1963. Novemba 1964 KADU ikavunjwa na watu wake wakaingia KANU. Upinzani ukawa umekwisha. Kufikia mwaka wa 1965 kiwango cha kura kilikuwa kimeteremshwa hadi asilimia 65. Majimbo yakanyang'anywa nguvu zake, na Seneti ikaunganishwa na Bunge. Kufikia 1969 katiba ilikuwa imefanyiwa marekebisho 10, na hakuna hata mara moja wananchi walipoitwa kuulizwa. Ilitafunwa kidogo kidogo kama panya wanavyotafuna gunia la mahindi ghalani. Ukija kuliinua, mahindi yamemwagika yote.

Kuna rekebisho moja la mwaka wa 1966 ambalo ningependa ulikumbuke. Lilimwongezea Rais uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha kortini.

Seroney alibaki Bungeni, naye hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Mwaka wa 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, akidai kwamba mashamba yaliyoachwa na wazungu katika Nandi yawe ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi akatozwa faini. Hapa, kusema kweli, simtetei. Ninayekaa naye dawati moja ni mjukuu wa watu waliotoka mbali wakanunua shamba huku, na nilipomsomea habari za azimio hilo alinyamaza kimya. Sisi wa Eldoret tunajua yaliyotokea mwanzoni mwa 2008. Mtu anaweza kuwa shujaa katika jambo moja na katika lingine akatuacha tukikuna vichwa.

Mwaka wa 1975 Seroney alikuwa Naibu wa Spika. Ulikuwa mwaka mbaya, maana mwezi wa Machi J. M. Kariuki alikuwa ameuawa. Mwezi wa Oktoba, Martin Shikuku wa Butere alisema Bungeni kwamba kuna watu waliotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyouawa. Wenzake wakaruka juu wakidai athibitishe. Seroney, aliyekuwa ameketi katika kiti cha Spika, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Kumbe alikuwa amekanyaga moto. Tarehe 15 Oktoba polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili, Seroney na Shikuku. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Uwezo ule wa kizuizini uliopanuliwa na wabunge mwaka wa 1966 sasa ulikuwa umewafuata wabunge mpaka mlangoni mwao.

Alikaa kizuizini miaka mitatu, akaachiliwa Desemba 1978 baada ya Mzee Kenyatta kufariki. Mwaka wa 1979 aliomba tena kiti cha Tinderet akashindwa na Henry Kosgey. Juni 1982 aliona Bunge likifanya rekebisho jingine, la kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Akafariki tarehe 6 Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 55.

Mkutano mkuu ulikuja kuitishwa Bomas mwaka wa 2003, wajumbe 629, baada ya wakili na kasisi na mwanafunzi kupigwa virungu barabarani miaka ya tisini. Hata hivyo rasimu yake ilichezewa, na wananchi wakaikataa mwaka wa 2005. Ile iliyopita mwaka wa 2010 ilirudisha Seneti na kuleta kaunti 47, ingawa hapa Uasin Gishu wengi walipiga kura ya La. Babu ni mmoja wao.

Kuhusu mdahalo wetu, upande wangu ulishindwa kwa kura tisa. Nimeomba marudiano.