Hitchcock: Mwoga aliyeifundisha dunia kuogopa

ANAYESHUKA matatu Ukunda, Kaunti ya Kwale, pale barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga inapochepuka kwenda Diani, hulakiwa na kelele za kunguru. Ndege hao wenye asili ya Bara Hindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na leo wametapakaa pwani nzima. Wamezoeleka mno hivi kwamba hakuna anayeinua macho kuwatazama.

Hata hivyo, aliyewahi kutazama filamu The Birds ya mwaka wa 1963 huwaangalia kwa jicho jingine. Katika filamu hiyo, mwanamke ameketi nje ya shule akivuta sigara. Nyuma yake anatua kunguru mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Anapogeuka, uwanja wa kuchezea watoto umejaa weusi.

Aliyeibuni picha hiyo ni Alfred Hitchcock, mwelekezi Mwingereza anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa filamu za taharuki ya kisaikolojia. Hakuitafuta hofu katika majumba ya mashetani. Aliiona katika mambo ya kawaida: ndege, bafu, dirisha la jirani, mjomba aliyekuja kuwatembelea jamaa zake.

Hitchcock alizaliwa Agosti 13, 1899, Leytonstone, mashariki mwa London. Alikuwa kitindamimba katika familia ya Kikatoliki yenye watoto watatu, na babake aliuza mboga na kuku. Alisomeshwa na mapadri Wajesuti katika shule ya St Ignatius.

Hadi uzeeni alipenda kusimulia kwamba, akiwa mtoto mdogo, babake alimtuma na barua katika kituo cha polisi. Afisa aliyeisoma alimfungia ndani ya seli kwa dakika chache, kumwonyesha wanavyotendewa watoto watundu. Huenda kisa hicho kilitiwa chumvi, lakini woga wa polisi alioutaja haukumtoka, na watu wanaoshukiwa kwa makosa wasiyotenda wamejaa katika filamu zake.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mwoga huyu hakukimbia. Aliugeuza woga kuwa riziki.

Babake alipofariki mwaka wa 1914, kijana huyo aliajiriwa katika kampuni ya Henley iliyotengeneza nyaya za simu. Kipaji cha kuchora kilimfikisha kwenye studio za Islington, ambako alibuni maandishi yaliyosomwa kwenye sinema bubu. Huko ndiko alikokutana na Alma Reville, mhariri wa filamu aliyezaliwa siku moja tu baada yake. Walioana Desemba 2, 1926.

The Lodger, hadithi ya mpangaji anayeshukiwa kuwa muuaji, ilimpatia jina mwaka wa 1927. Mwaka wa 1939 alihamia Marekani pamoja na mkewe na binti yao, Patricia. Rebecca, filamu yake ya kwanza huko, ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka wa 1940.

Falsafa yake aliieleza kwa mfano wa bomu. Watu wakiwa wameketi mezani wakizungumza na bomu lilipuke ghafla, mtazamaji hushtuka kwa sekunde chache. Lakini akionyeshwa mapema kwamba bomu liko chini ya meza, mazungumzo yale yale ya kipuuzi humtesa kwa dakika nyingi. Kwake, taharuki ilizaliwa na ujuzi alio nao mtazamaji lakini mhusika hana.

Psycho ya mwaka wa 1960 ndiyo iliyothibitisha umahiri huo. Wakuu wa studio hawakuitaka hadithi yenyewe, iliyotokana na riwaya ya Robert Bloch. Hitchcock aliitengeneza kwa takriban dola 800,000, akiwatumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni na kuipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Karani Marion Crane, aliyeigizwa na Janet Leigh, anaiba dola 40,000 na kutoroka kwa gari. Usiku wa mvua analala katika moteli ya kijana mpole, Norman Bates, aliyeigizwa na Anthony Perkins. Kabla ya filamu kufika nusu, Marion anauawa akioga. Mtazamaji aliyedhani anafuatilia wizi anabaki bila mhusika mkuu, na huruma yake inamhamia Norman bila yeye kutambua anakopelekwa.

Tukio hilo la bafuni, lisilotimiza hata dakika moja, lilichukua siku saba kupigwa. Karibu hakuna mahali kisu kinapoonekana kikizama mwilini, na damu inayotiririka ilikuwa rojo la chokoleti. Picha fupifupi na ukali wa fidla za mtunzi Bernard Herrmann huyaacha majeraha yatengenezwe na akili ya anayetazama. Hitchcock alikuwa amepanga lisiwe na muziki wowote, lakini alipousikia wa Herrmann alibadili nia.

Hata hivyo, filamu hiyo nusura itoke na dosari. Alma ndiye aliyegundua kwamba Janet Leigh, aliyepaswa kuwa maiti, alionekana akimeza mate. Sehemu hiyo ikakatwa. Ndivyo alivyofanya kazi mama huyo kwa zaidi ya nusu karne: akisoma miswada, akihariri, akirekebisha, huku sifa zikimwendea mumewe.

Sifa hizo zina upande wa giza. Alipokuwa akitengeneza The Birds, mwigizaji Tippi Hedren alirushiwa ndege hai kwa siku kadhaa, ingawa alikuwa ameahidiwa ndege wa bandia, hadi akaishiwa nguvu. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 2016, alidai kwamba mwelekezi huyo alimsumbua kimapenzi na kumharibia kazi alipomkataa. Wakati huo Hitchcock alikuwa kaburini miaka mingi na hakuweza kujibu, lakini anayeisifu filamu hiyo hana budi kujua kwamba baadhi ya hofu iliyo usoni pa Hedren haikuwa ya kuigiza.

Hitchcock aliteuliwa mara tano kuwania Oscar ya mwelekezi bora na hakushinda hata mara moja. Mwaka wa 1968 alipewa tuzo ya heshima ya Irving Thalberg. Mwaka wa 1979, alipotunukiwa na Taasisi ya Filamu ya Marekani, aliwashukuru watu wanne: mhariri, mwandishi wa miswada, mama wa bintiye na mpishi. Wote wanne walikuwa Alma.

Aliaga dunia nyumbani kwake Los Angeles Aprili 29, 1980, akiwa na umri wa miaka 80, miezi michache tu baada ya kutangazwa kupewa hadhi ya Sir na Malkia Elizabeth. Alma alimfuata Julai 1982. Mwaka wa 2012, wahakiki walioulizwa na jarida la Sight and Sound waliichagua Vertigo, filamu yake ya mwaka wa 1958 iliyopokelewa shingo upande, kuwa bora kuliko zote duniani.

The Birds haitoi jibu kwa nini ndege wanawashambulia watu. Familia inaondoka polepole kwa gari alfajiri huku maelfu ya ndege wakiwa wametua kila upande, wakitazama. Ndege wa Ukunda hawana ubaya huo. Wanagombania mabaki ya chakula tu, nao wapita njia wanaendelea na safari zao, isipokuwa yule aliyeiona filamu, ambaye huinua macho na kuwahesabu.